Msondo Uliopita Bahari Yetu

Wasikilizaji wangu wa Kilwa Masoko, wa Kivinje, wa Somanga, wa Lindi mjini, na nyinyi wa kwetu Songo Songo ambao saa hizi najua nyavu zimeshaanikwa na redio iko barazani, leo siji na bei ya pweza wala habari za mwani. Nimekuja na habari ya mwalimu, na nawaomba mnivumilie, maana mwalimu huyu nampenda na huenda nikarefusha maneno.

Mwalimu mwenyewe hana chaki wala daftari la mahudhurio. Akihitajiwa, watu wazima wawili watatu humwendea jioni, wakapiga hodi, wakakaa mkekani, wakaizungukazunguka haja yao kwa adabu, mwisho wakaweka ubani. Mwali yumo ndani, harusi imekaribia, anatafutwa mtu wa kumfunda. Sisi twamwita fundi, au kungwi, au somo, na yule mkubwa wao mwenye kauli ya mwisho twamwita manyakanga. Akimaliza kazi hupewa kilemba chake, kama anavyopewa fundi wa majahazi aliyemkuza mwanafunzi mpaka akaweza kuunda chombo peke yake. Ada ya kuanzia ipo, muda wa kusoma upo, na heshima ya kuhitimu ipo. Hii ni kazi yenye utaratibu, nasi tumeikuta.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mmoja wao, pale kisiwani, nikiwa sijatimiza miaka minane. Alikuwa jirani ya bibi yangu mzaa mama. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuokota makuti makavu. Nilidhani ananituma tu kama watoto wote wanavyotumwa, kumbe nimeshaanza darasa. Ngoma kabla ya kupigwa hupashwa moto ili ngozi ikaze, na moto wa makuti ndio unaofaa, kwa sababu huwaka upesi na kuzimika upesi. Kuni zina joto la kukaa; ukisahau kidogo tu, ngozi imepasuka. Nilikuwa nalisha makuti, yeye anaigeuza ngoma taratibu, anagonga ngozi kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa kusikiliza, anaigeuza tena robo. Siku moja, bila ya kuniangalia, akaniuliza: "Hiyo tayari?" Nikasema bado. Akasema, "Bado wapi?" Nikamwonyesha upande uliokuwa ukilia chini. Hakunisifu. Tangu siku hiyo akaniruhusu kukaa na wapiga makofi.

Kwenye makofi nilikaa muda mrefu. Halafu nikapewa kinganga, ile ngoma ndogo inayokimbia juu ya nyingine. Alikuwa akikaa nyuma yangu, anashika vifundo vya mikono yangu yote miwili, anapiga kwa mikono yangu. Nikikosea hasemi kwamba nimekosea. Anaacha. Na wale wanawake wote, wenye kuimba na wenye kucheza, wanaacha papo hapo, kimya, mpaka nasikia mawimbi. Kisha anaanza upya tangu mwanzo. Nimesomeshwa na walimu wengi baada ya hapo, baadhi yao wenye shahada kubwa, na hakuna hata mmoja aliyenifundisha kusikiliza kama kimya kile.

Kwenye msondo, ile ngoma ndefu inayoongoza, sikufika. Nilipelekwa shule bara, nikaondoka na kinganga changu kichwani tu.

Sasa niwaeleze kilichonifanya niandike mazungumzo haya. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa mtu mzima, shule moja ambayo sitaitaja ilikuwa inangoja mgeni mkubwa. Wakataka watoto wacheze ngoma ya kwao. Wakamwita yule yule fundi wangu. Alikuwa amezeeka, akaja kila alasiri kwa wiki tatu, akawachukua watoto arobaini wasiojua kupanga mguu akawafanya watu wa ngoma. Mgeni alifurahi, akasimama kutunza. Baada ya shughuli ikapitishwa karatasi ya kusaini. Ilikuwa na safu ya jina, safu ya cheo na safu ya sahihi. Mwenye kalamu akaandika jina lake, akafika kwenye cheo, akasita, akachora kistari. Bibi akaweka dole gumba. Akapewa soda na kanga moja, wenzake wenye vyeo wakapewa bahasha. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake na sikusema kitu. Kile kistari kimenikaa mpaka leo.

Ndiyo maana nataka tumwangalie mwanamke mmoja ambaye nyote mnamjua, lakini nahisi hatukumjua kwa kazi yake yenyewe. Namsema Bi Kidude.

Jina lake Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, Unguja, mtoto wa muuza nazi. Mwaka aliozaliwa hakuujua. Alikuwa akisema tu kwamba ilikuwa zama za rupia, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Dunia ilimjua kwa taarabu. Alilelewa kisanaa na sauti ya Siti binti Saad, yule binti wa mfinyanzi kutoka Fumba ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Bi Kidude mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa akinyemelea kumsikiliza. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kule Newcastle, Uingereza. Mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Andy Jones juu ya maisha yake. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, magazeti ya nchi za mbali yaliandika kwamba amefariki malkia wa taarabu.

Sina ugomvi na cheo hicho. Ila mwanamke huyu miaka mingi ya maisha yake hakula kwa jukwaa la Ulaya. Alikuwa mtu wa dawa za miti shamba, mtu wa hina, na juu ya yote alikuwa kungwi. Alikuwa na kundi lake la unyago, yaani haya mafunzo ya mwali, akiitwa mitaani na mashamba, akienda na ngoma zake. Umaarufu wa ng'ambo ulimkuta ameshazeeka, ameshafunda vizazi. Wanawake wangapi wa Unguja waliingia kwenye ndoa wakiwa wametoka mikononi mwake, hakuna daftari lililowaandika.

Mliowahi kumwona, hata kwa picha, mnaikumbuka ile namna yake na msondo. Ngoma ndefu, imefungwa kiunoni kwa kanga, yeye ameipanda miguu huku na huku, mgongo umenyooka, mikono miwili inashuka juu ya ngozi. Mwili mdogo, sauti ya kukwaruza, na mpigo usiotetereka. Watu walishangaa kwamba mzee wa miaka ile anaweza. Mimi nikimtazama namwona mwalimu yuko kazini. Msondo ndio unaosema na mchezaji: unamwambia lini ateremke, lini azungushe, lini asimame. Ngoma ya vumi inajibu kwa uzito, kinganga kinajaza katikati. Anayepiga msondo ndiye mwenye somo, na lazima awatazame miguu wanafunzi wote kwa wakati mmoja. Jaribuni siku moja kupiga ngoma huku mnahesabu makosa ya watu kumi.

Na kilichomo katika somo lenyewe? Hapo, wasikilizaji wangu, nitasema nusu. Nimekula yamini kama walivyokula wenzangu. Nitawaambia tu kwamba nyimbo zake ni mafumbo, kila fumbo lina ufunguo wake, na ufunguo haupewi mpaka mwili umeshajua mchezo. Usafi wa mwili umo. Adabu kwa wakwe imo. Mambo ya chumbani yamo, tena kwa uwazi ambao daktari wa zahanati angeuonea haya. Na hekima ya ule utaratibu ni kwamba binti anafundishwa jambo zito akiwa amezungukwa na wanawake wanaocheka, wanaocheza naye, wanaomshika mkono. Haogopi, na kwa hiyo hasahau.

Bi Kidude mwenyewe, akiwa binti mdogo wa miaka kama kumi na mitatu, alitoroka kwa sababu walitaka kumwoza kwa nguvu. Alikuja bara, akatembea miguu mitupu nchi hii mji kwa mji akiimba. Baadaye aliolewa, akaacha. Kwa hiyo alipokaa mbele ya mwali kumweleza ndoa, alikuwa hasemi alichosimuliwa. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaoutumia unyago kuwatoa watoto shuleni na kuwapeleka kwa waume. Hilo nalipinga, na nalipinga nikiwa mtoto wa kundi. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2016, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya sheria ya ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka kumi na minane vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Kuna mchezo wa mtoto na kuna somo la mtu mzima, na fundi wa kweli anajua mpaka. Yule fundi wangu alinifundisha moto, makofi na kinganga. Mengine aliyafunga mpaka nilipokuwa mtu mzima, tena mwenyewe ndiye niliyemfuata.

Sasa nije kwenye bahari yetu. Unyago ule wa Unguja, na msondo ule aliouvaa Bi Kidude, haukuota mchangani Unguja. Umetoka bara, na sehemu yake kubwa imetoka kusini huku: kwa Wayao, kwa watu wa Ziwa Nyasa, kwa Wamakonde. Ulifikaje? Mzee yeyote wa Kivinje anaweza kukuonyesha njia. Misafara ya watumwa kutoka Nyasa ilikuwa ikiishia pale. Kwa hesabu za forodha za wakati huo, kati ya mwaka 1862 na 1867 watu zaidi ya 76,000 walipakiwa Kilwa kupelekwa Unguja. Majahazi yalisubiri kusi, yakatweka, yakashika njia ya kaskazini kwenye bahari hii ambayo sisi wa Songo Songo tunavulia. Soko la Unguja likafungwa mwaka 1873.

Watu wale hawakuruhusiwa kubeba kitu. Ngoma haikupakiwa. Kilichopanda chombo ni wanawake waliojua, na ujuzi wao ulikuwa mkononi na mguuni, mahali ambapo hakuna mwenye mjeledi anayeweza kupekua. Walipofika, wakatafuta gogo jipya, wakawamba ngozi mpya, wakawaita mabinti. Na ikawa ajabu: wanawake wa Unguja wa kila asili, hata waliokuwa wa nyumba za mabwana, mwishowe wakawatafuta makungwi wawafundie binti zao. Mtu aliyeuzwa kwa bei ya fedha akawa mwalimu wa mji uliomnunua. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na kila nikilifikiri machozi hunilengalenga. Nani alikuwa wa kwanza? Nani alikaa chini, mgeni, hajui lugha vizuri, akashika vifundo vya mikono ya mtoto wa mtu mwingine akapiga naye? Huyo ndiye mwalimu wa mwalimu wa Bi Kidude, na alipita mbele ya kisiwa chetu.

Basi mtu akiniambia kwamba fundi wa ngoma hana cheo kwa sababu hana cheti, namjibu kwamba nchi hii yenyewe ilishawahi kufikiri vizuri zaidi ya hivyo. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri alilalamika mbele ya Bunge kwamba tumefundishwa kucheza rumba na chachacha huku wengi wetu hata jina la ngoma za kwetu hatulijui, akaunda wizara ya utamaduni. Kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na sindimba ya Wamakonde ikatoka huku kusini ikachezwa mpaka kwenye shule za mikoa ambako hawajawahi kumwona Mmakonde. Ni kweli, kwa ajili ya jukwaa ilipunguzwa viuno na kunyooshwa mistari, na wazee wa kwao walipoiona waliisikitikia. Lakini angalau ngoma ilipewa nafasi.

Katika wimbi hilo ndipo Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpiga ilimba na zeze, alipoitwa Dar es Salaam. Kikundi kilipovunjwa na Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose akawa mwalimu pale. Hakuna chuo kilichompa shahada ya ilimba. Aliyemfundisha ni baba yake, nyumbani, na serikali ikakubali kwamba hiyo ni shule. Akafundisha miaka, akawalea watoto na wapwa zake katika kazi ile, akapiga mbele ya watu wa Ulaya, Marekani na Japani, na alipofariki Desemba 2003 alikuwa ameacha ukoo mzima wa walimu. Mwaka 2024 bintiye Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, wanawake wakiimba mbele mahali ambapo zamani walikuwa waitikiaji. Chuo chenyewe sasa ni taasisi, TaSUBa, tangu mwaka 2007.

Mwaka huo huo wa 1981, chuo kinafunguliwa Bagamoyo, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nimefurahi kwa mawe yetu. Yanapimwa, yanatengenezwa, yana walinzi. Vivyo hivyo gesi yetu: iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, tangu 2004 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba, kilomita 25 chini ya bahari mpaka Somanga kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu, na kila inapotoka kuna mita inayohesabu. Sasa naomba kwa moyo mmoja, tuwahesabu na mafundi.

Naomba hivi kwa sababu mlango uko wazi. Mtaala mpya wa shule za msingi uliotoka mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo. Mwalimu aliyepangwa Songo Songo kutoka Mbeya au Mara, kijana mzuri mwenye bidii, atalifundishaje somo la ngoma za mahali asipopajua? Atafungua kitabu, atachora ngoma ubaoni, atawaambia watoto waandike: hii ni ngoma. Na mita mia mbili kutoka darasani kuna bibi amekaa anachambua mchele, anajua mipigo ambayo akiondoka nayo hakuna kitabu cha kuirudisha. Aitwe. Afundishe watoto mambo ya watoto: kupasha ngoma moto, makofi, kinganga, mguu. Alipwe kama anavyolipwa mtu anayefanya kazi, kwa jina lake na kwa saa zake, na kwenye ile safu ya cheo iandikwe neno. Kamati za shule zinaweza kuanza bila ya kungoja waraka. Na nyinyi vijana wenye simu, mkaombe ruhusa kwanza, mrekodi yale yanayoruhusiwa kurekodiwa, muandike nani kamfundisha nani. Ya ndani yaacheni ndani.

Nilikwenda nyumbani mwaka jana. Yule fundi wangu ameshafariki, Mungu amrehemu. Anayeshika kazi sasa ni mwanafunzi wake, mama mtu mzima ambaye tulikaa naye kwenye makofi siku zile. Alikuwa ameitwa Kivinje kwenye harusi, nikapanda naye chombo. Ilikuwa alfajiri, bahari imechafuka kidogo, kusi inavuma. Alikuwa na msondo, vumi na vinganga viwili. Akauvingirisha msondo kwa kanga mbili, juu yake akafunga turubai, akauweka katikati ya chombo chini ya ubao, mahali pakavu kuliko pote. Nahodha akamwambia, "Mama, kaa wewe hapo, ngoma tuiweke omoni." Akatikisa kichwa. Akakaa upande wa mawimbi, mkono mmoja juu ya turubai, na mjukuu wake wa miaka kama saba amemkalisha mbele yake. Maji yalimpiga njia nzima. Tulipolipita tumbawe la mwisho nikamwona amevishika vifundo vya yule mtoto, anampigisha taratibu juu ya goti.